Dua Haisomwi kwa Ajili ya Kamera

Katika harusi zetu za Mombasa, upande wa wanawake, simu huachwa mlangoni. Wasichana wawili wa nyumbani husimama na kikapu. Kila mgeni hutoa simu yake, hupewa kipande cha karatasi chenye nambari, kisha huingia ndani na kuvua buibui. Mle ndani watu wamevaa walivyopenda, nywele wazi, mabega wazi, dhahabu shingoni, hina na piko mikononi. Kamera inayoruhusiwa kuvuka mlango huo ni moja, na katika harusi nyingi za mtaani kwetu kamera hiyo imekuwa yangu. Kabla yangu ilikuwa ya shangazi yangu, dadake baba, ambaye ndiye aliyenifunza kazi.

Vijana wanaoanza upigaji picha wakija kwangu huniuliza wanunue kamera gani, lenzi ya namna gani. Nawajibu kwa adabu, maana vifaa ni muhimu, lakini moyoni najua hawajauliza swali lenyewe. Jambo linalotokea mara moja tu halinaswi kwa kasi ya kamera. Hunaswa na mtu anayeijua shughuli: anayejua nini hufuata nini, nani atalia mapema na nani atajikaza mpaka mwisho, mlango upi utafunguliwa na nani atakuwa amesimama nyuma yake.

Shangazi aliletewa kamera na mumewe, aliyekuwa baharia. Ilikuwa Pentax K1000, ya chuma, nzito, isiyo na madoido. Kila kitu hupangwa kwa mkono: kasi, tundu la lenzi, umbali. Betri yake ndogo kazi yake ni kuendesha sindano ya kupimia mwanga tu. Ikifa, kamera huendelea kupiga, nawe upime mwanga kwa jicho. Filamu ilikuwa ya picha 36, na filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo harusi nzima ilipigwa kwa filamu chache. Juu ya kamera tulifunga flashi, na flashi ndiyo iliyokuwa mwalimu mkali kuliko wote. Ikishawaka hunyamaza, kisha huanza mluzi mwembamba, umeme ukijaa upya ndani yake. Betri zikiwa mpya utangoja sekunde kadhaa. Zikianza kuchoka utangoja zaidi, na mambo yote mbele yako yanaendelea kutokea bila wewe. Mpaka kitaa chekundu kiwake ndipo unaweza kupiga tena. Katika chumba cha nyumba ya zamani chenye balbu moja, maana yake ni kwamba kila tukio lilikuwa na picha moja. Ukiitumia mapema, imekwenda.

Nimeona picha hiyo moja ilivyotumika. Asubuhi ya nikaha, baba wa binti huja na mashahidi wawili mpaka mlango wa chumba cha bi harusi, kumwomba idhini ya kumwozesha. Binti amekaa kitandani, leso imemfunika mpaka usoni, mashangazi na somo wake wamemzunguka. Baba hutaja jina la mume na mahari, kisha huuliza. Binti hunyamaza, kwa kuwa haya haimruhusu kukimbilia jibu. Huulizwa tena. Watu wote chumbani hutulia, kwani hata kama jibu linajulikana tangu posa ilipopokewa, hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka.

Siku ninayoikumbuka, mimi nilikuwa nimebeba begi la betri, nimesimama nyuma ya shangazi. Nilishangaa kuona lenzi haikuelekea kitandani. Ilielekea mlangoni, kwa baba, na umbali ulikuwa umekwisha pimwa. Sauti ikatoka chini ya leso, ndogo mno: "Nimekubali." Yule mzee hakusema kitu. Aliinamisha kichwa, mkono wake wa kushoto ukapapasa mpaka ukaushika mwimo wa mlango, vidole vikaukaza. Flashi ikawaka. Mara ile ile vigelegele vikapasuka, mashahidi wakamgeuza baba kumrudisha msikitini, na mlango ukabaki mtupu.

Jioni nilimuuliza, "Shangazi, mbona hukumpiga bi harusi?"

"Bi harusi kajifunika, mwanangu. Lililompata limeonekana kwa babake."

"Na ulijuaje kwamba babake atashika mlango?"

"Yule nimekua naye mtaa mmoja. Tangu utotoni akiguswa moyo hutafuta kitu cha kushika."

Jibu hilo nimelizingatia kuliko kitabu chochote cha upigaji picha nilichosoma baadaye. Halafu nikaanza kuelewa kwa nini shangazi alikuwa akienda nyumba ya harusi siku nyingi kabla, bila kamera, kukaa na wanawake uani kuchambua mchele. Pale penye nyungo, mtu husikia yote. Utajua nyanya yupi ndiye aliyemlea binti, ingawa katika picha za familia atawekwa pembeni. Utajua ndugu wawili gani hawasemezani, na kwamba mmoja wao ameapa kutokuja. Akitokea mlangoni saa tatu usiku na dadake akamwona, lile kumbatio halitakuwa na la pili, na kamera inayojua habari hiyo inakuwa tayari tangu mgeni anapanda ngazi.

Mambo mengine ni ya mwili, nayo pia hufundishika. Mwanamke akitaka kupiga kigelegele huvuta pumzi kwanza. Mkono hupanda kwenye mdomo wa juu, kidevu huinuka. Sauti huja baadaye. Ukibonyeza kwa kusikia sauti umechelewa, utapata mkono uliofunika uso. Ukibonyeza kwenye ile pumzi utampata mwenyewe, uso mzima, furaha ingali njiani. Kilio nacho huanzia kooni. Mtu humeza mate, hutazama juu darini, hunyoosha leso ambayo tayari imenyooka. Mtoto anayetaka kutoroka mikononi mwa mamake hutazama chini kwanza, mahali atakapotua. Dalili hizi ni fupi, ila zipo, na mwanafunzi aliyekaa harusi nzima akizitazama tu, bila kupiga hata picha moja, hupata faida kubwa kuliko aliyepiga mia.

Kuna jambo katika kamera kama ile ya shangazi ambalo wengi hawalijui. Ndani yake mna kioo kidogo kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpigaji. Ukibonyeza, kioo huruka juu kupisha mwanga uifikie filamu, na kwa muda huo kidirisha huwa giza. Kwa hiyo mpiga picha haioni picha anayoipiga. Huona kilichotangulia na huona kilichofuata. Kile kilichonaswa, ambacho kwa flashi yetu kilikuwa cha sehemu moja ya 60 ya sekunde, kimempita akiwa gizani. Sisi tulioanza na kamera hizo tulizoea kujipima hivyo: ukiliona tukio waziwazi kidirishani, ujue halimo kwenye filamu. Nilipolielewa hilo niliacha kusikitika kwamba harusi za watu niwapendao nimezihudhuria nusu. Ndivyo kazi ilivyo. Anayewawekea wengine kumbukumbu hutoa kidogo katika kuona kwake.

Baadaye nilikutana na mabwana wa Ulaya vitabuni. Ile picha ya Henri Cartier-Bresson ya mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, wengi wameiona: mwanamume anaruka dimbwi, kisigino chake bado kidogo kiguse maji, na kwenye bango la ukutani nyuma yake kuna mchezaji dansi aliyeruka vilevile. Husemwa kwamba ni bahati. Mimi nikiitazama namwona mtu aliyeingiza lenzi kwenye upenyo wa ua wa mbao, upenyo mwembamba hata ubao ukaziba sehemu ya picha, ikabidi ikatwe. Maji yalikuwepo, ngazi iliyolala majini ilikuwepo, na kila mwenye haraka angefika mwisho wa ngazi na kulazimika kuruka. Kilichobaki ni mtu kupita. Yule mpita njia hakuombwa arudie.

Cartier-Bresson mwenyewe alieleza kwamba iliyomwasha moto ni picha ya Martin Munkácsi, Mhungari, ya vijana watatu weusi wakikimbilia kwenye mawimbi, migongo yao ikitazama kamera, miguu yao ikirusha maji. Picha hiyo imejulikana ulimwenguni kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Ni picha tukufu. Lakini hunisumbua. Imebadilisha macho ya wapiga picha wa dunia nzima, na maelezo yake hayana majina ya wale vijana. Hata ziwa lao linabishaniwa. Mpigaji alijua vizuri sana jinsi miili inavyokimbia. Shangazi angetaka kujua pia ni watoto wa nani.

Ya nyumbani kwetu Kenya yananigusa zaidi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliingia na kamera yake ndani ya gari la wagonjwa lililombeba Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na filamu aliyoirekodi pale kambini ndiyo iliyoifanya dunia ione njaa iliyokuwa ikiua watu kimyakimya. Watu humsifu kwa wepesi wake, na alikuwa mwepesi kweli. Ila kufika Korem kulitaka vibali, na vibali vilitaka mtu aliyekwisha jenga ujuano Ethiopia kwa miaka, anayejua abishe mlango upi. Mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991 ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwita mwenye bahati.

Narudi kwenye ukumbi wa wanawake, kwa sababu pale pana saa ambayo hakuna picha yake hata moja, na nataka nieleze kwa nini.

Sauti hutoka mlangoni: "Bwana harusi anaingia!" Ukumbi mzima, mamia ya wanawake, huinama kwa pamoja. Mikono hupapasa chini ya viti na migongoni. Mabuibui hupanda, leso hurushwa vichwani, mitandio hufungwa. Rangi zote, nyekundu ya hariri, kijani cha shanga, dhahabu, nywele zilizosukwa kutwa nzima, huzimika kuanzia mlangoni kuelekea jukwaani, safu baada ya safu. Ukumbi uliokuwa bustani huwa mweusi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Sijaona jambo zuri kuliko hilo katika kazi yangu yote. Na kamera wakati huo huwa kifuani pangu, kifuniko cha lenzi kimerudishwa. Mle mna mtu ambaye buibui lake limenasa kwenye kiti, mna bibi aliyechelewa kuamka, mna msichana mwenye mkono mmoja ndani ya nguo na mwingine nje. Wote hao walinikubali niingie kwa kuamini kwamba saa hiyo sitapiga. Naujua mwanga wake, najua ningesimama wapi. Sitaipiga kamwe, na sihesabu kwamba nimeikosa.

Kinachofuata huruhusiwa: bwana harusi hufika jukwaani, huweka mkono wa kuume juu ya paji la mkewe na kusoma dua. Tunaita kupewa mkono. Mabwana harusi wengi huwa hawajawahi kumgusa bi harusi. Mkono hutetemeka. Hautui vizuri, huangukia kwenye ua la nywele, au hugonga pambo la dhahabu la kichwani, na bi harusi, macho chini, hujikaza asicheke au asilie.

Katika harusi moja familia ilikuwa imemwajiri pia mpiga video, msichana hodari, mwenye taa zake na vyuma vyake. Dua ilipokwisha alisema, kwa sauti ya heshima kabisa, "Bwana harusi, samahani, urudie kidogo, mwanga haukukaa vizuri." Kijana wa watu, kwa utii, akainua mkono tena. Nyanya wa bi harusi alikuwa amekaa karibu na jukwaa, masikio yake si ya jana.

"Anataka nini huyu?"

Akaelezwa.

"Mwambieni dua haisomwi kwa ajili ya kamera. Keshaomba, na aliyeombwa keshasikia."

Mkono ukashuka. Hakuna aliyebisha. Yule msichana akazima taa yake moja akarudi nyuma, naye tangu siku ile tumefanya kazi pamoja mara nyingi. Sijamsikia tena akimwambia mtu arudie.

Nimeyaona mengi ya kurudia katika harusi nyingine, na naamini ndiyo yanayoharibu kazi yetu kuliko simu na kuliko haraka. Mara ya pili mkono unajua pa kutua. Bi harusi anajua wakati wa kuinua macho, na huyainua kuelekea kwenye lenzi. Picha hutoka safi. Familia huipokea, huiweka ukutani, na mwaka mmoja baadaye wenyewe wawili hukumbuka ile iliyo ukutani, kwa sababu macho huona kila siku na moyo hauna pa kuiangalia ile ya kwanza. Tumewapa kitu kizuri na tumewanyang'anya chao. Tena waliokaa ukumbini, na watoto miongoni mwao, wamefundishwa kwamba shughuli husubiri kamera. Mtoto aliyeona dua ikirudiwa kwa sababu ya taa, ataichukuliaje dua?

Sisemi kwamba kila picha iliyopangwa ni uongo. Mombasa yetu ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, na Unguja Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Watu walikwenda huko wakiwa wamejipanga, wakakaa mkao waliouchagua, wakatazama kamera kama walivyotaka kutazamwa. Hiyo ni haki ya mtu na ni sanaa kamili. Anayekwenda studio amekwenda kupigwa picha. Anayeweka mkono juu ya paji la mkewe amekwenda kuoa.

Kamera za sasa hupiga picha 20 kwa sekunde, bila kioo cha kuruka, bila sauti. Ninayo moja na naishukuru, hasa kwa watoto, ambao mpango wao haujulikani hata kwao wenyewe. Ila nimewaona wapigaji wanaobonyeza bila kuachia tangu bi harusi anashuka garini mpaka anakaa. Wanadhani wameliteka tukio lote. Walichofanya ni kuahirisha uamuzi mpaka nyumbani, na nyumbani wako peke yao mbele ya kompyuta yenye picha elfu nne, hawakumbuki tena yule mama wa pembeni ni nani na alikuwa akimtazama nani. Wanachagua picha ambayo macho yako wazi. Na kama lenzi ilielekezwa kwa bi harusi wakati baba anashika mlango, picha 20 za leso hazitamleta baba.

Baada ya kunasa kuna kutunza, na hapa shangazi alikuwa mkali kupita kiasi. Filamu nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe, katika choo kilichozibwa mwanga kwa magunia. Maelekezo ya dawa yaliandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya Mombasa hayajapata kuwa na nyuzi 20. Yakiwa vuguvugu, filamu huiva upesi na kuwa nzito. Basi mimi nilitumwa barafu kwa muuza samaki, tukaiweka kwenye karai, chupa ya dawa ikasimama katikati, na kipimajoto kikatazamwa mpaka zebaki ishuke. Filamu za rangi zilipelekwa maabara, lakini kwa mama mmoja tu aliyeendesha mashine kwa mikono yake, ili macho ya kiume yasipite juu ya nywele za watu. Unyevu wa bahari nao huotesha ukungu kwenye negativu na ndani ya lenzi. Tulizifunga kwenye makopo ya biskuti, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vilivyotoka kwenye maduka ya viatu.

Lakini makopo hayo hayakukaa kwetu. Picha zikishachapwa, negativu zilikwenda kwa bi harusi mwenyewe, mkononi. Nami nafanya hivyo kwa kadi za kamera. Siku hizi mama huniomba nimpe nakala kwanza, aweke mtandaoni kabla mwana hajatoka fungate, na dada wa bwana harusi naye hutaka zake. Namjibu kila mmoja kwa upole kwamba picha zina mwenyewe. Mara moja bi harusi aliniomba niifute picha ambayo, kwa ufundi, ilikuwa bora kuliko zote za usiku ule: alikuwa akimtazama mamake, na uso ulikuwa umefunguka kabisa. Hakunieleza sababu. Niliifuta akiona. Mwanafunzi wangu alinung'unika njia nzima, akasema picha kama ile haitapatikana tena. Nikamwambia ndiyo, haitapatikana, na ndiyo maana aliyekuwa ndani yake ana neno la mwisho.

Mwanafunzi huyo ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi umri wake, na jicho analo. Ijumaa hii tuna harusi Kibokoni. Nimemwambia aje Jumatatu baada ya alasiri, uani, kuchambua mchele, na kamera aiache nyumbani.